Akiki ya Bimkubwa ni Kioo: Shanga, Kalibu na Fedha za Ibra



Mie si mtu wa kuandika sana, nasoma zaidi. Lakini kuna suala nimeulizwa Ibra, sebuleni kwa mamkubwa wangu, na jawabu yake imenipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, mpaka mto Limpopo. Nimeona niiandike hapa, kwani najua wapo miongoni mwenu wenye masanduku ya bibi zao ambayo hayajafunguliwa.

Mamkubwa, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alitoa hirizi ya fedha, ile ya kisanduku inayovaliwa kifuani, yenye vijinyororo na njuga kwa chini. Usoni palikuwa na majiwe matatu mekundu. Moja lilidondoka zamani. Mwanawe aliipeleka kwa sonara (sisemi wa mji gani), ikarudi tundu limezibwa kwa kipande cha plastiki chekundu. Bimkubwa akaigeuzageuza, akaniambia: "Mwanangu, hii ilikuwa na akiki tatu. Sasa nimevishwa kifungo cha shati."

Nikachukua kioo cha kukuzia nikayatazama yale mawili yaliyobaki. Ndani yake mna viputo vya hewa, viduara vidogo kama vya soda. Akiki haina viputo. Ina mawingu au mistari, na ukiigusisha mdomoni inabaki baridi muda mrefu zaidi. Haya yalikuwa kioo. Nilifanya kosa la kulisema hapohapo. Bimkubwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yaani tumedanganywa tangu wakati wa bibi yangu?"

Suala zuri. Nimelichukua kama lilivyo.

Tuanze na fedha yenyewe. Wanaoijua sanaa ya Oman, na Ruth Hawley alikuwa wa mwanzo kuiandikia kitabu, mwaka 1978, wanakubaliana kwamba mapambo ya Nizwa, Ibra, Sur na majangwa ya Sharqiyah yalifuliwa kwa wingi kutokana na reale za Maria Theresa, zile tulizoziita reale za Sham. Sarafu hiyo imeandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia na hamsini baadaye. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha halisi ni sehemu 833 katika 1000. Mwanamke alipopewa mahari yake, sehemu ya reale zilikwenda kwa sonara zikayeyushwa zikawa bangili, mafurungu, kidani, hirizi. Kwa hiyo pambo lilikuwa pia benki yake, na benki hii ilihesabiwa kwa mizani. Siku ya shida huuzwa kwa uzito. Reale hizo zilikuwa zikitumika Oman mpaka riali ya Saidi ilipoanza mwaka 1970, hata wazee wa leo wamezishika kwa mikono yao.

Sasa katika hesabu hiyo jiwe halikuwa na nafasi. Sonara anapoyeyusha pambo la zamani, jiwe hutolewa kwanza, liwe akiki, marijani au kioo, kwani mizani inataka fedha tu. Jiwe lilikuwa rangi, na khasa rangi nyekundu. Ndiyo maana katika mapambo haya utakuta marijani na shanga nyekundu za kioo zimetungwa uzi mmoja, bega kwa bega, bila ya haya. Aliyezitunga alijua ipi ni ipi. Aliyevaa naye alijua.

Nasema alijua kwa sababu lugha yetu inanishuhudia. Askofu Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha 1870, ameandika "marijani" kwa marijani nyekundu, kisha akaongeza "marijani ya fedhaluka" kwa ile ya kweli. Mtu hatafuti neno la "ya kweli" mpaka awe na nyingine mbele yake isiyokuwa hiyo. Soko la Unguja lilikuwa na zote mbili na wanawake walikuwa na maneno ya kuzitenganisha. (Humohumo utaikuta "banagiri", bangili yenye miba, hapa Oman bangili hiyo ipo mpaka leo na jina lake halijabadilika sana. Bimkubwa anazo mbili.)

Kwa hiyo mwenye kudanganywa, kama yupo, ni sisi wajukuu. Elimu ya kutazama imekatika njiani, tukabakiwa na neno "akiki" tu.

Lakini kioo kile kimetoka wapi? Akiki ya kweli ilikuja toka zamani kutoka Khambat, Gujarat. Karne ya 19 Wajerumani wa Idar-Oberstein wakaanza kukata na kupaka rangi akiki kwa ajili ya masoko ya Afrika na Mashariki. Halafu mafundi wa Bohemia, kwenye milima ya Jablonec, mji ulioitwa Gablonz wakati huo, wakaiga akiki hizo kwa kioo. Walikuwa na vibanda vidogo pembeni mwa nyumba zao, wanapasha moto ncha ya fimbo ya kioo mpaka inalegea, wanaibana kwa koleo lenye kalibu ndani ya midomo yake. Jiwe limetoka. Viputo vya Bimkubwa yamkini ni hewa ya kibanda kama hicho, au ni ya fundi wa Kihindi. Sura ya jiwe peke yake haitoshi kukata shauri. Kazi yenyewe ndiyo nataka muikumbuke: kalibu ndogo, moto mdogo, nyumbani kwa mtu. Hata Venezia, ambako shanga ndogondogo zilitengenezwa viwandani, utungaji wake ulikuwa wa wanawake majumbani, wamekaa mlangoni na sinia la shanga mapajani. Walikuwa na jina lao, impiraresse.

Hapo ndipo Ibra inapoingia kwenye hadithi kwa mlango mwingine. Wengi wetu tumetembezwa Minzafah, tukaoneshwa magofu ya majumba makubwa yenye milango ya kuchonga, tukaambiwa: haya yamejengwa kwa mali ya Afrika. Ni kweli. Ila mtu haulizi mali hiyo ilinunuliwa kwa nini. Sehemu yake kubwa ilinunuliwa kwa nguo na kwa shanga za kioo.

Burton alipofika Kaze, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliyempokea alikuwa Snay bin Amir, Mharthi, wa kabila ambalo asili yake ni Sharqiyah hiihii. Snay alianza maisha Maskati akiuza halua. Katika miaka kumi na sita akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akauawa kwenye vita vya Unyanyembe. Muuza halua wa Maskati hakuwa na fedha ya kupeleka bara, na bara hakukuwa na aliyeitaka reale. Walitaka amerikani, kaniki na ushanga.

Burton aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana sokoni zilifika kiasi cha 400. Kila moja na jina lake, bei yake, na nchi yake inakopendwa. Baadhi ya majina aliyoyahifadhi ni ya kufurahisha mno. Sungomaji, kubwa kama yai la njiwa, zilizotoka Nuremberg. Sofi, kama vipande vya mtemba uliovunjika. Ndizo Cameron alizozikuta zinatumika kama sarafu sokoni Ujiji mwaka 1874. Na mfalme wao ni samesame, ile nyekundu, yenye majina ya ziada: kimara-pamba, yaani inayomaliza masurufu (pamba kwa Kiswahili cha zamani ni chakula cha safari), na kivunja-mji, kwa vile wanawake walivyokuwa wakiililia mpaka nyumba zikavunjika. Zilipimwa kwa khete, uzi wa kuzunguka kutoka kidole gumba mpaka kiwiko na kurudi, na khete kumi ni fundo moja.

Tafadhali msipite haraka hapo kwenye "kila moja na nchi yake". Kule kwetu barazani husemwa kuwa Waarabu na Waswahili waliwapa watu wa bara "vigae vya chupa" wakachukua pembe, na husemwa kwa kicheko, kama kwamba mnunuzi alikuwa mtoto mdogo. Ushahidi wa wafanyabiashara wenyewe unasema kinyume. Msafara ukichukua rangi isiyotakiwa mwaka huo, mzigo ule ni sawa na kokoto; wapagazi wanalipwa, chakula hakinunuliki. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa hilo hilo, ushanga upi na kiasi gani, na ilimbidi awaulize Waarabu, na Waarabu waliyajua kwa kuwa waliwahi kula hasara. Aliyekuwa akiamua mtindo alikaa bara, na kiwanda cha Venezia kilimfuata yeye.

Na sisemi haya ili kuipamba biashara ile. Ushanga ule ulinunua pembe, na ulinunua watu, na baadhi ya watu hao waliletwa Sur kwa majahazi yaleyale ambayo tunayaimba. Majumba ya Minzafah yana hesabu hiyo pia. Nasema tu kwamba mnunuzi hakuwa mjinga wa kioo.

Samesame ya wakati wa Burton ilikuwa na siri moja ambayo nimekuja kuielewa baadaye kwa kuunguza vidole. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Kioo chekundu kizuri kilikuwa ghali, na kikiwa kinene kinaonekana cheusi. Ukikipaka juu ya moyo mweupe, nuru inaingia, inagonga weupe, inarudi, na wekundu unawaka. Shanga nyekundu za kabla yake, zilizotoka Hindi, zilikuwa za rangi ya tofali, na mara nyengine moyo wake ni wa kijani. Ile ya moyo mweupe ilipokuja katika karne ya 19 iliziua zote.

Sasa suala la pili, ambalo Bimkubwa hakuliuliza lakini mie nilijiuliza usiku ule: je, katika mwambao wetu wote, au bara, kuna aliyewahi kukiyeyusha kioo mwenyewe na kukitia kalibuni? Au sote tulikuwa watungaji na wavaaji tu?

Kwa upande wa Waswahili, jawabu ni ya kusikitisha kidogo. Kazi ya shanga tulikuwa nayo, na tulikuwa nayo majumbani. Pale Tumbe, Pemba, watafiti Fleisher, LaViolette na Flexner wamechimba mji wa karne ya 7 mpaka ya 10 wakakuta vigae vya vyungu vyenye mifereji, kwa wingi mkubwa, nyumba hata nyumba. Ni vinoleo vya shanga: unachukua kipande cha kome au simbi, unakitoboa, unakisaga kwenye mfereji mpaka kinaviringana. Shanga, kule Lamu, alikochimba Mark Horton, vinoleo hivyo vimepatikana pia. (Jina la mji huo na neno "shanga" yametushughulisha wengi, mie sithubutu kuyaunganisha.) Lakini jirani na Tumbe upo mji wa Chwaka, ulioshika baada yake kuanzia karne ya 11, na huko kazi hiyo haionekani tena kama ilivyokuwa. Shanga za kioo zilikuwa zikija kwa majahazi, nyingi na rahisi. Kazi ya mikono ya nyumbani ikafa. Hata upande huu wa bahari ni vivyo hivyo: Ras al-Jinz, karibu na Sur, watu wa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita walikuwa wakikata pete kutokana na kombe la bahari, na shanga za akiki zikiwafikia kutoka bonde la Indus. Mapambo ya nyumbani yalikuwepo. Kioo cha nyumbani, sikukiona.

Nilikiona bara. Na bara yenyewe ni mbali, kusini, unakokutana mpaka wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Botswana.

Kuna kilima kinaitwa Mapungubwe, na karibu yake mji uliotangulia ambao wachimbaji wameubandika jina la K2. Ulikaliwa kati ya mwaka 1000 na 1220 hivi. Watu wake walipata shanga za kioo kupitia mwambao wa Msumbiji. Kabla yao, katika karne ya 8 mpaka ya 10, shanga zilizofika pande hizo, ambazo wataalamu wanaziita Zhizo, kioo chake kilikuwa cha majivu ya mimea, namna ya kioo cha Iraq na Uajemi. Yaani zilitoka Ghuba, bahari ambayo majahazi ya Oman yaliijua kama kiganja. Halafu zikaja ndogondogo za Hindi, za buluu na kijani. Watu wa K2 walizivaa. Lakini walifanya na jambo jengine: walizikusanya nyingi, wakazitia ndani ya kalibu ya udongo, wakaitia motoni mpaka zikayeyuka pamoja, wakavunja kalibu, wakatoa ushanga mmoja mkubwa mnene, umbo la pipa. Kalibu moja, ushanga mmoja. Vipande vya kalibu hizo vimepatikana palepale, na ndivyo vilivyomaliza ubishi. Marilee Wood, aliyetumia miaka mingi kwenye shanga za kusini mwa Afrika, amezieleza vizuri.

Nilipolisoma hilo nilisimama. Kwa sababu ndiyo hasa kazi ambayo leo inafanywa Ulaya na Marekani na watu wenye vitanuri vya umeme mezani, wanayoilipia mafunzo: unga au chembe za kioo ndani ya kalibu, moto wa polepole, kuvunja kalibu, kusugua. Miaka elfu iliyopita ilifanywa ukingoni mwa Limpopo na watu ambao katika vitabu vya masheikh wetu na vya Wazungu pia wametajwa kama wapokeaji wa ushanga basi. Hawakuridhika na ukubwa uliokuja. Wakaugeuza.

Na si wao tu. Ghana, Wakrobo wanafanya mpaka leo: wanaponda chupa, wanatia unga kwenye kalibu ya udongo iliyopakwa udongo mweupe ili kioo kisigande, wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati, kikiungua kinaacha tundu. Tanuri lao ni la udongo wa kichuguu. Ife, Nigeria, ni zaidi ya hapo: utafiti wa Abidemi Babalola wa Igbo Olokun, uliotoka 2017, unaonesha walitengeneza kioo chenyewe, kwa mapishi yao, katika karne za kati. Kuna profesa mmoja aliwahi kutwambia darasani kwamba kusini ya Sahara kioo hakikujulikana ila kwa kununuliwa. Mungu amrehemu, alisema alichokisoma.

Haya, turudi Ibra, kwa sababu tundu la hirizi bado limezibwa kwa plastiki.

Nikaamua kulitengeneza hilo jiwe mwenyewe. Mwana wa dada yangu anasomea uhandisi na ana kitanuri kidogo cha umeme kinachofika digirii 1000. Nawaelezea kazi kwa kirefu kidogo, maana nimeulizwa faragha na watu wawili.

Kwanza nilitoa plastiki. Chini yake, ndani ya kikombe cha fedha, kulikuwa na kipande cha karatasi ya bati, kimeshakuwa cheusi. Pale pale nikaikumbuka samesame na moyo wake mweupe. Sonara wa zamani alikuwa na ujuzi uleule: kioo chekundu chembamba, chini yake kitu cha kung'aa. Aliyetia plastiki hakujua, akaiacha ile bati nyeusi akafunika juu.

Nikaminya nta laini kwenye tundu, nikapata umbo. Nta nikaitumbukiza kwenye bomba la sindano lenye maji ili nijue ujazo wake: mililita moja ya nta inahitaji gramu mbili na nusu za kioo, kwani kioo kina uzito mara mbili na nusu wa maji. Halafu kalibu: jasi na unga wa silika sawa kwa sawa kwa uzito, maji, unamwagia juu ya nta. Ikishika unaiyeyusha nta kwa mvuke. Unga huo usiuvute puani, unaharibu mapafu, na hauponi. Barakoa nzuri na nje ya nyumba.

Mara ya mwanzo nilitaka ubakhili. Nikaponda chupa ya kawaida, nikachanganya na unga mwekundu wa kioo cha kununua. Kilitoka kizuri ajabu. Asubuhi yake kimepasuka katikati, peke yake, mezani. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kipimo chake, na viwili visivyolingana vikishikana motoni vinagombana vikipoa. Watu wa K2 walitumia shanga za aina moja. Sijui kama ni kwa kujua au kwa kutokuwa na nyengine, lakini walipata.

Mara ya pili nikatumia kioo cha mtengenezaji mmoja, lakini kimesagwa laini kama unga wa ngano. Kikatoka kizito, cha ukungu, rangi ya ufizi. Unga laini unafungia hewa nyingi, vijiputo maelfu. Ushanga wa Wakrobo unapendeza hivyo kwa sababu hautakiwi kupitisha nuru. Mie nilitaka upite.

Mara ya tatu nikaacha unga. Nikakata pande moja la kioo chekundu la gramu zinazotosha na ziada ndogo, nikaliweka juu ya tundu la kalibu. Moto unapanda polepole: masaa matatu karibu na digirii 100 kukausha kalibu, kisha pole mpaka 650, kisha haraka hadi 800 na kidogo, nikatulia hapo nusu saa nikichungulia mpaka pande likazama. Halafu sehemu wasiyokuwa na subira nayo wengi: kushusha hadi 500 hivi na kukaa hapo saa nzima, ili kioo kipumzike (chupa ya kawaida inataka juu zaidi, 550), kisha kuzima na kutofungua mpaka kesho yake. Jiwe la ukubwa wa kunde limechukua siku nzima na usiku. Ukivunja kalibu, fanya ndani ya maji. Na kusugua pia ndani ya maji, kwa msasa kutoka mkali mpaka laini, kwani kioo chekundu cha siku hizi mara nyingi kina kadmi, na vumbi lake ni sumu.

Rangi ilibadilika kuwa nzito kidogo kuliko yale mawili ya zamani. Wekundu wa namna hii haupendi moto wa muda mrefu. Nikakata bati mpya, nikaikunja, nikaiweka chini, sonara mwengine, mzee wa Nizwa, akanikazia ukingo wa fedha bila ya kunitoza. Alilitazama jiwe, akauliza nimelinunua wapi. Nilipomwambia, akaomba kuiona kalibu. Nilikuwa nimeshaivunja.

Nikampelekea Bimkubwa siku ya Jumatano, yeye ametoka soko la wanawake. Nikamweleza yote, Khambat, Bohemia, kivunja-mji, Limpopo. Alicheka sana kwenye kivunja-mji. Alisema bibi yake alikuwa akilitumia neno hilo kwa mwanamke wa aina fulani, na hakuwahi kujua kama ni ushanga. Kuhusu kudanganywa hakurudia tena. Aliiinua hirizi dirishani, akakitafuta kile kipya, akakosea mara ya kwanza, akakipata mara ya pili kwa ule uzito wa rangi.

Kisha akaingia chumbani akarudi na pete mbili zisizokuwa na majiwe, akaniuliza kama ya kijani nayo naweza.